Setilaiti ina macho, haina ulimi

Wanafunzi wa Kiswahili wanaenda kutafuta nini katika kituo cha setilaiti? Swali hili niliulizwa na mwenzangu wa Idara ya Jiografia nilipomwomba anisaidie kupanga ziara ya wanafunzi wangu wa mwaka wa tatu, wale wanaosomea tafsiri. Aliuliza kwa utani, ila utani wake ulikuwa na mwiba. Kwa Wakenya wengi, wakiwemo maprofesa, Kiswahili ni mashairi, methali na insha za mtihani. Mambo ya angani yana wenyewe.

Basi tulikwenda. Kituo chenyewe kiko Kasarani, hapa hapa Nairobi, na watu wengi hukipita wakiwa ndani ya matatu za Mwiki bila kujua kinachofanyika mle. Jina lake refu ni Kituo cha Kikanda cha Uchoraji Ramani ya Rasilimali kwa Maendeleo, lakini hata walinzi wa langoni hukiita kwa kifupisho cha Kiingereza, RCMRD. Kiliundwa mwaka 1975 chini ya Tume ya Uchumi ya Afrika ya Umoja wa Mataifa na ule uliokuwa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, na kinahudumia nchi za mashariki na kusini mwa bara hili. Miongoni mwa kazi zake ni kufuatilia ukame, mafuriko, mioto ya nyika na baridi kali inayounguza mimea.

"Prof, roketi iko wapi?" kijana mmoja alininong'oneza baada ya dakika kumi. Alikuwa amekuja na simu yenye chaji tele. Roketi hakuna. Kuna kompyuta, ramani na watu waliokodolea macho viwambo. Setilaiti nyingi zinazotegemewa ni za wengine: Landsat za Marekani, ambazo zimekuwa zikiipiga picha dunia tangu 1972, na Sentinel za Ulaya. Picha zake hutolewa bure. Kazi ya kituo kama hiki ni kuzipokea, kuzisafisha, kuzilinganisha na za miaka iliyotangulia na kusema zina maana gani kwa Budalang'i au Garsen.

Hata hivyo tusijidharau. Kenya ina setilaiti yake, Taifa-1, iliyorushwa kutoka Marekani tarehe 15 Aprili 2023. Na kabla ya hiyo, tarehe 12 Desemba 1970, setilaiti ya Marekani ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka kwenye nyota ilirushwa kutoka jukwaa la Waitaliano baharini, karibu na Ngomeni, Malindi. Kwa kuwa ilikuwa siku ya kuadhimisha uhuru wetu, iliitwa Uhuru. Kiswahili kilitangulia kufika angani kabla ya wengi wetu kufika hata Nairobi.

Neno lenyewe 'setilaiti' lina asili ya kuchekesha. Tumelitoa katika Kiingereza, nacho Kiingereza kikalitoa katika Kilatini, ambako 'satelles' alikuwa mfuasi au mlinzi anayemzunguka mkubwa popote aendako. Ndugu zetu wa Tanzania wangesema chawa! Baadaye mwanaastronomia Kepler akalitumia kwa miezi inayoizunguka sayari ya Mshtarii, nasi tukalipokea likiwa limeshakuwa la vyombo vya kutengenezwa. Watu huliandika setilaiti, satelaiti, setelaiti. Mimi nashikilia la kwanza, na sitagombana na mtu.

Sasa tuingie kwenye kazi yenyewe. Setilaiti ya picha za kawaida huona kama jicho linavyoona: inahitaji mwanga wa jua na anga isiyo na mawingu. Lakini mafuriko yasiyo na mawingu umeyaona wapi? Ndiyo maana wataalamu hutegemea setilaiti za rada kama Sentinel-1, ambayo ya kwanza ilirushwa mwaka 2014 na huzunguka kiasi cha kilomita 700 juu yetu. Rada haingojei jua. Hutuma mawimbi yake yenyewe, yakapenya mawingu na giza, kisha husikiliza mwangwi. Ardhi yenye mawe na mimea hurudisha mwangwi. Maji yaliyotulia ni kama kioo kilichoinamishwa: mawimbi yakiyagonga huruka upande wa pili, hayarudi. Kwa hiyo kwenye picha maji huwa meusi. Tulioneshwa picha ya bonde la mto wakati wa kiangazi na nyingine ya bonde hilo hilo baada ya mvua. Ilikuwa kama mtu amemwaga wino.

Wanafunzi walidhani sasa mambo yamekwisha. Jicho lipo, linaona usiku na mchana, nani tena atakufa kwa mafuriko? Lakini setilaiti ya aina hiyo haikai mahali pamoja. Hupita, na hurudi juu ya mahali pale pale baada ya siku kadhaa. Zipo nyingine, mathalani Meteosat, zilizo kilomita zipatazo 36,000 juu ya ikweta, ambazo huzunguka sambamba na dunia na kutuma picha kila baada ya robo saa. Hizo huona mawingu yanavyojikusanya, ila haziwezi kukuonyesha kijito kilichovunja kingo zake nyuma ya nyumba yako.

Usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili 2024, maji yaliyokuwa yamejikusanya nyuma ya tuta la reli karibu na Mai Mahiu yalivunja njia na kukifagia kijiji cha Kamuchiri. Zaidi ya watu 45 walikufa. Tukio la aina hiyo huanza na kumalizika kabla setilaiti ya rada haijapita tena. Na hapa nina ugomvi na istilahi tunayoitumia kila siku, 'majanga ya kimaumbile'. Mvua ni maumbile, sawa. Tuta la reli lilijengwa na watu, njia ya maji iliyoziba chini yake ni ya watu kuizibua, na ni watu waliofanya kijiji kimee chini ya mkondo huo. Tukisema 'la kimaumbile' tunamaliza maswali kabla hayajaulizwa. Mimi hupendelea 'maafa', neno lisilomtaja mshtakiwa wala kumwachilia.

Haya, turudi kwenye lugha, maana ndiyo iliyotupeleka Kasarani. Kati ya picha ile nyeusi ya bonde na mama anayelala na watoto wake kando ya Mto Tana kuna mlolongo mrefu wa watu, na karibu kila pingu ya mnyororo huo ni sentensi. Mtaalamu huandika ripoti. Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa hutoa taarifa. Kaunti huisambaza. Mtangazaji wa redio huifupisha. Chifu huisema barazani. Ripoti huanza kwa Kiingereza na huendelea kwa Kiingereza hadi karibu na mwisho, na pale mwisho hutafsiriwa na yeyote aliye karibu, mara nyingi papo kwa papo, kipaza sauti kikiwa mkononi. Katiba yetu ya 2010, Kifungu cha 7, inasema Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Katika suala la uhai na kifo, lugha hiyo rasmi huitwa kama mtu wa kuokota mipira.

Nitoe mifano. Wa kwanza ni 'utabiri'. Kitenzi 'tabiri' tunakitumia kwa nabii, kwa mnajimu na kwa mtu wa hali ya hewa. Kwa hiyo mwananchi huwapima wote kwa kipimo kimoja: alichosema kimetokea ama hakikutokea? Kisipotokea, ni mwongo. Lakini mtaalamu hakuahidi tukio, alitaja uwezekano.

Na uwezekano huo ndio unaotumaliza. Kituo cha IGAD cha masuala ya hali ya hewa, ICPAC, ambacho pia kina makao yake hapa Kenya, hutoa utabiri wa msimu kwa nchi za eneo hili kabla ya msimu kuanza. Tuseme utabiri unasema kwamba eneo lenu lina uwezekano wa asilimia 55 wa kupata mvua ya juu ya kawaida. Niliwauliza wanafunzi 31 maana ya sentensi hiyo. Zaidi ya nusu walisema mvua itaongezeka kwa asilimia 55. Hawa ni watu wa chuo kikuu.

Maana yake ni nyingine kabisa. Wataalamu huchukua rekodi za mvua za miaka 30, kwa mfano 1991 hadi 2020, wakazipanga kutoka mwaka mkavu kabisa hadi mwaka wenye mvua nyingi kabisa, kisha wakazigawa mafungu matatu ya miaka kumi kumi. Fungu la chini ndilo 'chini ya kawaida', la kati ndiyo 'kawaida', la juu ndilo 'juu ya kawaida'. Bila kujua lolote, kila fungu lina nafasi ya asilimia 33 hivi. Wakisema 55, wanamaanisha mizani imeelemea fungu la juu. Huenda fungu la kati likapewa 30 na la chini 15. Hawajasema mvua itakuwa nyingi kiasi gani. Hawajasema itanyesha lini. Na bado wameacha mlango wazi, nafasi 45 katika 100, kwamba mambo yatakuwa tofauti. Nimejaribu kuiweka hivi: "Tukipata misimu kumi inayofanana na huu, mitano au sita itakuwa ya mvua nyingi." Si maridadi, lakini sijamwona mtu akiielewa visivyo.

Mfano wa pili ni mchungu zaidi: 'El Nino'. Hili ni neno la Kihispania, 'mtoto wa kiume', na wavuvi wa Peru walilitumia wakimkusudia mtoto Yesu kwa sababu joto lile la maji ya bahari yao lilionekana karibu na Krismasi. Kwa mwanasayansi, El Nino ni hali ya Bahari ya Pasifiki, maelfu ya kilomita kutoka hapa. Kwa Mkenya aliyekuwa na akili timamu mwaka 1997, El Nino ni madaraja yaliyosombwa, barabara zilizokatika na kipindupindu kilichofuata. Neno moja, maana mbili, na hakuna aliyetangaza talaka kati yazo.

Oktoba 2023 setilaiti zilikuwa zikionyesha wazi kwamba Pasifiki imepata joto, na Bahari ya Hindi pia ilikuwa na joto upande wetu kuliko upande wa Indonesia, jambo ambalo kwa kawaida huongeza mvua za vuli Afrika Mashariki. Katikati ya mwezi huo ikatangazwa na wakubwa kwamba ile El Nino tuliyoogopeshwa haitakuwepo, kutakuwa na mvua kubwa tu. Wanasayansi wakalazimika kueleza kwamba El Nino ipo, na kwamba kilichorekebishwa ni makadirio ya ukubwa wa mvua. Kisomi, tofauti hiyo ina maana. Kwenye redio za vijijini kilichobaki ni maneno mawili: El Nino hakuna. Waliokuwa wameanza kuhamisha vitu wakavirudisha. Novemba ilipofika, maji yalijaa Mandera, Wajir, Garissa na Tana River, na kufikia mwisho wa msimu zaidi ya watu 100 walikuwa wamekufa nchini. Sisemi kwamba wote waliuawa na tafsiri. Nasema data ya angani ilikuwa nzuri, na iliharibikia njiani, mahali ambapo mtu wa lugha angeweza kuwa na la kufanya.

Kuna maneno tunayoyahitaji, tunayo, na hatuyatumii. Kituo cha Kasarani, kikishirikiana na shirika la NASA, kiliwahi kutengeneza ramani za kuonyesha mahali ambapo joto la ardhi limeshuka usiku hadi kuunguza majani chai. Mtaalamu aliyetupokea alitamka neno la Kiingereza, kisha akatugeukia: "Nyinyi ni watu wa Kiswahili, hii mnaiita nini?" Kimya. Mmoja akajaribu 'barafu', mwingine 'theluji', wa tatu 'umande mkali'. Neno ni sakitu; wengine husema jalidi. Limo kamusini miaka yote. Mkulima wa viazi wa Kinangop analijua jambo lenyewe kuliko sisi sote na ana jina lake kwa lugha ya mama, ila mtangazaji wa Kiswahili akifika hapo husema "baridi kali", na mkulima hadhani ni yeye anayeambiwa. Baridi kali mbona ipo kila Julai?

Ukame ndio uwanja ambao kazi ya setilaiti imepiga hatua kubwa zaidi hapa kwetu, na nitaupitia kwa ufupi. Jani lenye afya hufyonza mwanga mwekundu na kurudisha kwa wingi mwanga wa aina nyingine tusioweza kuuona kwa macho. Jani linalonyauka hurudisha mwanga mwekundu zaidi, na ule mwingine kidogo kuliko jani lenye afya. Setilaiti hupima tofauti hiyo, na kila mwezi Mamlaka ya Kitaifa ya Kudhibiti Ukame hutumia vipimo vya aina hiyo, pamoja na habari za masoko na mifugo, kusema kila kaunti kame imefika hatua gani. Hatua ni tano. Katika tafsiri nyingi nilizokusanya, ya pili na ya tatu zote huitwa 'tahadhari', ilhali kuvuka kutoka moja hadi nyingine ndiko kunakotakiwa kuwaamsha watu. Napendekeza: kawaida, tahadhari, hatari, dharura, ahueni.

Bima ya mifugo iliyoanza Marsabit mwaka 2010 hutumia kipimo hicho hicho cha ukijani. Mfugaji hulipwa malisho yakinyauka kupita kiwango kilichowekwa, si ng'ombe akifa. Lakini kwa Kiswahili malipo ya bima huitwa 'fidia', na fidia ni malipo ya kitu kilichopotea. Ndipo unamkuta mzee anauliza, kwa haki kabisa, mbona ng'ombe wake watatu wamekufa na hakuna fidia, na jirani ambaye mifugo yake ni mizima amelipwa. Pesa ile nia yake ni kununua malisho kabla mnyama hajafa. Iitwe 'pesa za malisho', nusu ya ugomvi itaisha.

Wapo waliolifanya jambo hili vizuri, na hawakuwa maprofesa wa lugha. Huko Bunyore, Kaunti ya Vihiga, ukoo wa Nganyi unajulikana tangu zamani kwa kusoma dalili za mvua: miti inavyochipua, wadudu, ndege, pepo. Wataalamu wa hali ya hewa waliketi na wazee hao, kila upande ukaleta utabiri wake wa msimu, wakapatana kauli moja, nayo ikatangazwa kwa Kinyore kupitia redio ya jamii. Sidai kwamba mti unaona kama setilaiti. Ninachosema ni kwamba wazee hao walikuwa na sentensi ambazo majirani zao walizoea kuzitii: panda sasa, ngoja kwanza, usilime bondeni mwaka huu.

Tuliporudi chuoni niliwapa wanafunzi zoezi. Niliwaandikia taarifa ya kubuni kwa Kiingereza, ya mtindo ule tunaoujua: mvua ya zaidi ya milimita 30 kwa saa 24 inatarajiwa nyanda za juu, mabwawa ya Mto Tana yamejaa, umma uwe macho. Waitafsiri kwa watu wa Tana Delta, kwa ujumbe wa simu usiozidi herufi 160. Milimita 30 peke yake iliwatoa jasho. Nani anajua milimita ya mvua ni nini? Tulipiga hesabu: milimita 30 ni lita 30 kwa kila mita moja ya mraba, yaani mtungi mmoja na nusu wa lita 20. Ekari moja peke yake hupokea lita zaidi ya 120,000, malori 12 ya maji ya lita 10,000. Wakashangaa. Hapo kabla walidhani milimita 30 ni kitu cha kupimwa kwa rula ya shule.

Wengi waliandika tafsiri sahihi kisarufi: "Wananchi wanaoishi katika nyanda za chini wanatahadharishwa kuhusu uwezekano wa kutokea kwa mafuriko." Ningeipa alama nzuri kwenye mtihani. Binti mmoja wa kutoka Hola aliandika hivi: "Masinga imejaa, maji yanakuja. Aliye bondeni ahame na mifugo kabla ya Ijumaa. Usivuke mto kwa miguu wala kwa pikipiki." Darasa lilinyamaza kidogo.

Nilimpelekea mwenzangu wa Jiografia ujumbe huo wa pili. Alikubali kila kitu isipokuwa neno moja, 'Ijumaa'. Maji ya mabwawa ya juu huchukua siku kadhaa kufika Garsen, alisema, na kadirio lolote linaweza kukosea kwa siku moja au mbili. Akiandika Ijumaa na maji yasije, nani atamsikiliza tena? Nilimwambia kwamba bila siku, ujumbe wa binti yule unakuwa sawa na ule wa wenzake. Akasema kutaja siku ya kuhama ni kazi ya kamishna wa kaunti, si yake. Na kamishna, ninavyomjua, atasema anangoja mwanasayansi aitaje. Tumekubaliana kulipeleka neno hilo, 'kabla ya Ijumaa', kwenye kikao kimoja cha wanasayansi, maafisa wa kaunti na watangazaji muhula ujao, tuone ni nani atakayekubali kutia sahihi chini yake.

Wakati huo huo, msomaji wa Kinangop, wa Kericho, wa Marsabit au wa Garsen, niandikie kupitia mhariri. Sakitu mnaiitaje kwenu? Na maji yanapokuja kutoka bara huku kwenu hakujanyesha hata tone, mna neno gani la hali hiyo? Wapokomo hawawezi kukosa. Kamusi yangu inalo 'mafuriko' tu.